Kujifunza Programu za Ofisi kwa Kazi ya Uandishi wa Kiufundi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Lamu

Mwandishi wa kiufundi huandika maelezo yanayomwezesha mtu mwingine kufanya kazi fulani bila kusimamiwa: kuwasha mtambo, kumsajili mgonjwa kwenye mfumo wa hospitali, kusafisha kichujio cha maji, kurejesha akaunti iliyofungwa. Hapa Lamu kazi hiyo ipo tele ingawa ni nadra kuitwa kwa jina hilo. Boti zinazovusha abiria kutoka Mokowe zina injini zilizokuja na vitabu vya lugha za kigeni. Nyumba za wageni za Shela zina betri za umeme wa jua ambazo mhudumu mpya hajui aziguse vipi. Na katika ofisi nyingi maelezo ya mfumo wa kompyuta yamo kichwani mwa mtu mmoja, siku akienda likizo kazi inasimama. Anayeweza kuyaandika mambo hayo kwa utaratibu ana kazi, na anaweza kuifanya kazi hiyo hiyo kwa kampuni iliyoko Nairobi au Uingereza bila kuhama kisiwani.

Mwongozo huu unahusu sehemu moja ya ufundi huo, nayo ni umahiri wa programu za ofisi. Nimekutana na vijana wengi wenye vyeti vya kompyuta ambao wanajua kukoleza maandishi, kubadilisha rangi na kuweka picha, lakini hawajawahi kufundishwa jambo ambalo kazi yote inalitegemea: kuiambia programu kila kipande cha maandishi ni nini, badala ya kuiambia tu kionekane vipi. Ukilishika jambo hilo, yaliyobaki utayapata kwa mazoezi ya miezi michache. Usipolishika, utajifunza vitufe mia mbili na bado waraka wako utavunjika siku mteja atakapoomba mabadiliko.

Vifaa na programu

Kompyuta yoyote inayofungua programu ya kuandikia inatosha. Kama huna fedha za leseni ya Microsoft Word, tumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa. Ipakue mara moja mahali penye mtandao mzuri, uihifadhi kwenye flashi, uwagawie na wenzako. Google Docs nayo inafaa pale watu kadhaa wanapoandika pamoja, ila washa matumizi ya nje ya mtandao mapema, kwa sababu mtandao ukikatika ndipo utakapoihitaji.

Wateja wengi watakudai faili ya docx, yaani ya Word. LibreOffice inaisoma na kuiandika, lakini mpangilio wa picha na majedwali unaweza kusogea faili inapohama kutoka programu moja hadi nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kukabidhi kazi ya kulipwa, ifungue kwenye Word halisi, hata kama ni kwa nusu saa katika saiba, upitie ukurasa baada ya ukurasa. Fomati zote mbili, odt (ya LibreOffice) na docx, ni viwango vya kimataifa vilivyochapishwa (ya kwanza ilipitishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2006 na ya pili mwaka 2008), hivyo, ukiacha mpangilio huo wa kukaguliwa, maandishi yako hayatapotea ukianza na moja kisha ukahamia nyingine.

Kuhusu lugha: menyu nyingi utazikuta kwa Kiingereza, lakini istilahi za Kiswahili zipo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Unapoandika kwa Kiswahili, hakikisha umeichagulia aya lugha ambayo kamusi yake ya tahajia imewekwa kweli kwenye kompyuta yako. Lugha isiyo na kamusi haitoi mstari mwekundu hata mmoja, na ukimya huo si uthibitisho kwamba hujakosea.

Jambo jingine la kulimaliza mwanzoni ni kupiga chapa bila kutazama kibodi. Vidole vya shahada vikae juu ya F na J, ambazo zina vijinundu vya kuvihisi, na ujizoeze dakika ishirini kila siku kwa muda wa mwezi mmoja. Macho yakibaki kwenye skrini, unayaona makosa yanapozaliwa.

Chagua waraka mmoja wa kweli

Usijifunze kwa mazoezi ya kubuni. Chagua kitu kimoja kilicho karibu nawe, ambacho watu wanakitumia na kukikosea, ukiandikie mwongozo wa kurasa kumi hadi ishirini tangu mwanzo hadi mwisho. Katika maelezo yanayofuata nitatumia mfano wa injini ya boti ya mipigo miwili, ile ambayo petroli yake huchanganywa na oili, kwa sababu kila nahodha hapa anaijua na kwa sababu ina kila kitu ambacho mwandishi wa kiufundi hukutana nacho: vipimo, hatari, picha, majina ya vipuri na hatua zisizoweza kupinduliwa. Wewe unaweza kuchagua pampu ya kisima, friji ya samaki au mfumo wa malipo wa dukani kwenu.

Kaa na fundi au nahodha siku mbili au tatu kabla ya kufungua kompyuta. Andika kila anachokifanya kwa mpangilio wake, hata kile anachokifanya bila kusema, kama vile kunusa tangi au kulegeza tundu la hewa la kifuniko. Programu ya ofisi haiwezi kukuongezea maarifa ambayo hukuyakusanya.

Mitindo

Hapa nakuomba ukae kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Unapotaka kichwa cha habari, mazoea ya wengi ni kuyachagua maneno, kuyakoleza, kuongeza ukubwa wa herufi na kuendelea. Kwa macho, hicho ni kichwa. Kwa programu, hayo ni maneno ya kawaida yaliyokolezwa, na haina njia ya kujua kwamba sura mpya imeanza. Mtindo ndio unaoijulisha. Weka kishale kwenye mstari wa kichwa, kisha bonyeza Ctrl+Alt+1 katika Word au Google Docs, au Ctrl+1 katika LibreOffice, na mstari huo utapewa mtindo unaoitwa Heading 1. Namba 2 na 3 ni za vichwa vidogo vilivyo chini yake. Katika LibreOffice, F11 hufungua paneli ya mitindo yote. Katika Word ni Ctrl+Alt+Shift+S. Kama sura ya mtindo haikupendezi, usiibadilishe kwenye kichwa kimoja. Ubadilishe mtindo wenyewe, na vichwa vyote vitafuata.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, fanya jaribio moja. Tengeneza nakala ya faili yako ya docx, badilisha kiambishi cha jina lake kutoka docx kuwa zip, kisha ifungue. Utakuta folda kadhaa. Ndani ya ile iitwayo word kuna faili mbili za kuangalia: document.xml, ambamo kila aya uliyoipa mtindo imebeba jina la mtindo wake, na styles.xml, ambamo kila mtindo umeelezwa mara moja tu: ukubwa wa herufi, nafasi ya juu, nafasi ya chini. Kuna pia folda ya media, ambamo picha zako zote zimepangwa. Waraka wa mtu aliyetumia mitindo ni mfupi na unasomeka. Wa mtu aliyepaka rangi kwa mkono umejaa maagizo yaleyale yaliyorudiwa katika kila mstari.

Mitindo ndiyo inayoleta yaliyomo ya kujitengeneza, ramani ya waraka pembeni, vialamisho ndani ya PDF na marejeo yasiyopotea. Naandika haya nikiwa na sababu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliandika mwongozo wa kurasa 46 kwa mteja mmoja, na yaliyomo niliyapiga chapa kwa mkono, nukta baada ya nukta hadi ukingoni. Jioni ya kuamkia siku ya kukabidhi, mteja aliomba kurasa mbili za usalama ziongezwe mbele. Nilisahihisha namba zote usiku ule, na asubuhi yake, mbele ya mafundi waliokusanyika, mmoja alifungua ukurasa ulioandikwa kwamba una utaratibu wa kuzima mtambo wakati wa dharura, akakuta orodha ya vipuri. Kosa lilikuwa langu, na mtambo ule ungeweza kumkata mtu kidole. Tangu siku hiyo sijapiga chapa namba ya ukurasa kwa mkono.

Kwa hiyo, vichwa vyote vikishapata mitindo, ingiza yaliyomo kupitia menyu ya marejeo katika Word au menyu ya kuingiza katika LibreOffice. Kila unapomaliza mabadiliko katika Word, bonyeza Ctrl+A kisha F9, uchague kusasisha jedwali zima. Unapotaka kuandika “tazama sehemu ya kuchanganya mafuta”, usiandike namba. Ingiza rejeleo linaloelekea kwenye kichwa hicho, nalo litajirekebisha sehemu ikihama. Manukuu ya picha na majedwali, yaani maelezo mafupi yenye namba yanayoambatana nayo, nayo yaingizwe kupitia menyu, si kwa kupigwa chapa kwa mkono.

Zoezi la wiki ya kwanza: chukua waraka wowote mchafu, bonyeza Ctrl+Shift+8 katika Word au Ctrl+F10 katika LibreOffice ili uone alama zilizofichika, kisha uondoe kila aya tupu iliyowekwa kuleta nafasi na kila mfululizo wa nafasi uliowekwa kusogeza maneno. Nafasi ya juu na ya chini ni sifa ya mtindo. Ukurasa mpya ni Ctrl+Enter, kamwe si kubonyeza Enter mara kumi na mbili.

Ukurasa na kiolezo

Kagua ukubwa wa karatasi kabla ya kuandika neno la kwanza. Programu nyingi huja zikiwa zimewekewa karatasi ya Marekani, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279, na printa zetu hutumia A4, yaani 210 kwa 297. Ukiligundua hilo siku ya kuchapisha, kila ukurasa utakatika mahali papya.

Ukishaipanga mitindo yako, ukaweka kijajuu chenye jina la waraka na kijachini chenye namba ya ukurasa, toleo na tarehe, hifadhi faili hiyo kama kiolezo: dotx katika Word, ott katika LibreOffice. Kazi inayofuata itaanza hapo.

Hatua na maonyo

Hatua za kufuata ziwekwe kwa orodha ya namba inayotokana na mtindo, ili ukiongeza hatua katikati, namba zijipange zenyewe. Kila hatua iwe na tendo moja, na ianze na kitenzi cha kuamuru.

Mpangilio wa maneno ndani ya hatua ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Rasimu ya kwanza ya mwongozo wangu wa injini niliipeleka forodhani kwa nahodha mmoja mtu mzima, nikamwomba aifuate huku nimesimama kando bila kusema neno. Hatua ya nne ilisomeka hivi: “Fungua kifuniko cha tangi baada ya kuzima injini.” Injini ilikuwa inanguruma. Alisoma neno la kwanza na la pili, mkono wake ukaenda kwenye kifuniko, akakizungusha robo, ndipo jicho lilipofika mwisho wa sentensi. Akakirudisha kifuniko mahali pake, akanitazama. “Mwanangu,” akasema, “waniambia nifungue, kisha ndipo waniambia nizime?” Nilirudi nyumbani nikaigawa hatua hiyo mara mbili: zima injini, kisha fungua kifuniko. Siku hiyo nilijifunza kuzipitia hatua zote nikitafuta maneno “baada ya” na “kabla ya” kwa kutumia Ctrl+F, na hadi leo huo ndio ukaguzi wangu wa mwisho kabla ya kumpa mtu rasimu.

Onyo linakaa kabla ya hatua inayolihusu. Litengenezee mtindo wake, uuite “Onyo”, wenye mpaka wa kushoto na nafasi ya kutosha, na katika mipangilio ya aya uweke alama ya kubaki na aya inayofuata. Mpangilio huo mdogo huizuia programu kuacha onyo mwishoni mwa ukurasa na kupeleka hatua yake ukurasa wa pili. Vivyo hivyo, kati ya namba na kipimo chake tumia nafasi isiyovunjika, Ctrl+Shift+nafasi, ili “mililita” isianguke mstari wa chini ikaiacha “200” peke yake. Mtu anayepima oili kwa mikono yenye grisi, boti ikiyumba, hapaswi kutafuta kipimo katika mistari miwili.

Lahajedwali

Waandishi wengi huikwepa programu ya lahajedwali, kama Excel au Calc ya LibreOffice, wakidhani ni ya wahasibu. Kwangu inashika nafasi ya pili baada ya programu ya kuandikia, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni vipimo. Chukua mchanganyiko wa mafuta. Kama kitabu cha mtengenezaji kinasema uwiano ni 1:50, basi lita 10 za petroli zinahitaji mililita 200 za oili. Andika 50 katika seli B1, uorodheshe lita 5, 10, 20 na 25 katika safu ya A kuanzia A4, kisha katika B4 uandike fomula =A4*1000/$B$1 na kuivuta hadi chini. Utapata 100, 200, 400 na 500. Alama za dola huifunga seli ya uwiano isihame fomula inaponakiliwa. Ikitokea injini nyingine yenye uwiano wa 1:100, utabadilisha seli moja na jedwali lote litafuata, wala hutabaki na tarakimu moja ya zamani iliyosahaulika katikati. Uwiano wenyewe uusome kwenye kitabu cha injini husika, si kwa mazoea ya gati.

Jihadhari na tabia ya lahajedwali kukisia. Ukiandika namba ya simu inayoanza na sifuri, sifuri hiyo itaondolewa. Ukiandika 3-5 kwa maana ya tatu hadi tano, huenda ikageuzwa kuwa tarehe. Iteue safu iwe ya maandishi kabla ya kujaza.

Sababu ya pili, na ndiyo ninayoipenda zaidi, ni orodha ya istilahi. Kile kipande kinachozunguka majini nyuma ya injini, kamusi hukiita rafadha, mafundi wengi hukiita propela, na wengine husema panga. Yote matatu yanaeleweka, lakini mwongozo unaotumia yote matatu humfanya msomaji mgeni adhani ni vipuri vitatu. Sisi wa Lamu tuna mtihani wa ziada, kwa kuwa Kiamu chetu kina maumbo yake: tunasema “ndia” pale Kiswahili sanifu kinaposema “njia”, na “ndoo” kwa maana ya “njoo”, ilhali msomaji wa Tanga akiliona neno hilo atafikiria maji. Fungua lahajedwali lenye safu tano: neno lililochaguliwa, maana yake, maneno yasiyotumika katika mwongozo, aliyethibitisha, na tarehe. Ligeuze kuwa jedwali lenye vichujio kwa Ctrl+Shift+L, uugandishe mstari wa juu usipotee unaposhuka, na ulipange kwa alfabeti. Rasimu ikikamilika, chukua kila neno lililokataliwa, ulitafute katika waraka kwa Ctrl+H, na ulibadilishe moja moja kwa kuangalia muktadha. Usibonyeze kitufe cha kubadilisha yote: “panga” ni kitenzi pia, na sentensi ya “panga vifaa” itageuka “rafadha vifaa”.

Uteuzi wa neno lenyewe usiufanye peke yako mezani. Nenda ukaulize gatini, kwa mafundi wa Matondoni, kwa muuza vipuri, kisha uamue na uandike ni kwa nini. Binafsi huchagua neno ambalo msomaji wa kwanza wa waraka analitamka kila siku, na lile la kamusi nalitaja mara moja kwenye faharasa.

Picha

Picha ya skrini ipigwe kwa Windows+Shift+S na ihifadhiwe kama PNG, ambayo huzihifadhi herufi zikiwa kali. Picha ya kamera iwe JPEG. Kwa kuchapishwa, lenga nukta 300 kwa inchi. Hifadhi picha asilia katika folda yake, zenye majina yanayoeleza kilichomo, kwa kuwa picha iliyobandikwa kwenye waraka na kupunguzwa huko ni vigumu kuirudisha ilivyokuwa.

Faragha inataka uangalifu mkubwa zaidi. Skrini ya mfumo wa hospitali au ya malipo ya M-Pesa ina majina, namba za simu na namba za vitambulisho, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kuweka kisanduku cheusi juu ya picha ndani ya Word hakutoshi: anayeipokea faili anaweza kukisogeza. Hata kukata ukingo wa picha ndani ya Word huacha sehemu iliyokatwa ikiwa bado imo kwenye faili, hadi uchague kuifuta. Fanya kazi hiyo katika programu ya picha, uhifadhi nakala mpya, kisha uingize hiyo. Njia bora zaidi ni kuuomba mfumo wa majaribio wenye majina ya kubuni.

Kila picha ipewe pia maelezo mbadala ya maandishi, kwa ajili ya wasioona wanaosomewa na kompyuta. Ni sentensi moja tu.

Kuhaririwa

Hakuna mwongozo wa kiufundi unaokamilishwa na mtu mmoja. Washa ufuatiliaji wa mabadiliko kabla ya kumpa fundi rasimu: Ctrl+Shift+E katika Word, Ctrl+Shift+C katika LibreOffice. Katika Google Docs tumia hali ya mapendekezo. Kila kilichofutwa na kilichoongezwa kitaonekana kwa jina la aliyekifanya, nawe utakubali au kukataa.

Ukweli ni kwamba mafundi wengi hawatafungua faili hiyo. Watakutumia sauti kwenye WhatsApp, au watakuambia mkiwa mmesimama njiani baada ya sala. Yapokee kwa heshima, kisha siku hiyo hiyo uyageuze kuwa maoni pembeni mwa aya inayohusika, yenye jina la msemaji na tarehe. Miezi sita baadaye mtu atakapouliza kwa nini hatua ya saba iliondolewa, jibu litakuwa mahali pake.

Majina ya faili yafuate utaratibu mmoja, kwa mfano mwongozo-injini_2025-03-07_v03.docx. Tarehe ikianza na mwaka, faili hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati. Maneno kama “mwisho” na “mwisho-kabisa” hayafai, maana daima kuna mwisho mwingine.

Kukabidhi

Kabla ya kutoa PDF, hakikisha hakuna badiliko wala maoni yaliyobaki, sasisha yaliyomo, na uchague vichwa vigeuzwe kuwa vialamisho. Ifungue PDF hiyo kwenye simu ndogo, kwa sababu wasomaji wengi wataisomea humo. Mwongozo wa injini niliutoa pia kama karatasi moja ya A5 yenye hatua tisa na jedwali la mchanganyiko, herufi kubwa, iliyofunikwa plastiki na kutobolewa tundu la kamba, na karatasi hiyo ndiyo iliyokaa kwenye boti.

Kuonyesha kazi na kusonga mbele

Mwajiri wa kazi hii hutaka kuona nyaraka. Andaa tatu: mwongozo mrefu uliopitia hatua zote hapo juu, karatasi moja ya matumizi ya haraka, na waraka mbaya wa zamani, kabla na baada ya kuusahihisha, wenye nusu ukurasa wa maelezo ya ulichokibadilisha na sababu zake. Wa tatu ndio unaoonyesha akili ya mwandishi. Mpe mwajiri PDF, lakini mpe na faili asilia pia. Mhariri mzoefu ataangalia mitindo yako ndani ya sekunde kumi. Kama huna mteja, vitabu vya maelezo vya LibreOffice vyenyewe huandikwa na watu wa kujitolea, na kushiriki humo ni mazoezi ya kweli chini ya wahariri wa kweli.

Programu za ofisi zikishakuwa nyepesi mikononi mwako, kampuni za programu za kompyuta zitakudai mambo matatu mengine: Markdown, namna ya kuandika kwa alama chache iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004, Git, ya mwaka 2005, inayotunza historia ya kila badiliko, na pengine DITA, inayogawa maelezo katika vipande vya kutumika tena. Aliyezoea mitindo hapati tabu, kwa kuwa alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari wa Markdown ni Heading 1 kwa sura nyingine, na historia ya Git ni ufuatiliaji wa mabadiliko uliopanuliwa. Soma pia kiwango cha ISO 24495-1 cha mwaka 2023 kuhusu lugha nyepesi, ukipata nafasi.

Folda ya kazi yako ya kwanza iwe na vitu sita: kiolezo, faili asilia, PDF, picha asilia, lahajedwali la vipimo na istilahi, na daftari la maoni ya mafundi. Weka nakala moja mtandaoni na nyingine kwenye diski inayokaa nyumba tofauti na ilipo kompyuta, ndani ya kopo linalofungwa vizuri, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula viunganishi vya chuma hata ndani ya kabati.